Ugeni ni Chuo: Darsa ya Safari ya Mtu Peke Yake

 

 Usiku wa Alkhamisi, baada ya sala ya Isha, alitujia mmoja katika wazee wa msikiti wetu, akakaa kimya mpaka watu wakaondoka. Kisha akatueleza ya kuwa mwanawe wa miaka 19 amepata nafasi ya kusoma katika mji wa bara, mji ambao hawana jamaa wala mtu wamjuaye. Mamake kijana usiku halali. Yeye baba aona bora amweke dukani kwanza mpaka apatikane mwenziwe wa kufuatana naye. Akaongeza kuwa amesikia hadithi ya Mtume (S.A.W.) yenye kukataza mtu kusafiri peke yake, na kwamba wazee wetu walisema mkataa kwao ni mtumwa. Kisha akatuuliza: "Sheikh, nikimpa ruhusa, nitakuwa nimemtupa mwanangu? Na nikimzuia, nitakuwa nimemfunga?"

Tulimwomba atupe wiki moja. Darsa hii ndiyo jawabu yetu kwake, nasi tumeiandika hapa kwa sababu twajua swali hili si la nyumba yake pekee.

Tuanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Nabii Musa (A.S.) ametajwa kwa jina lake katika Kurani kuliko Mtume mwengine yeyote, na katika maisha yake mna safari mbili ambazo twapenda mzizingatie sana.

Ya kwanza ni ile iliyoelezwa katika Surat Al-Qasas. Musa alilelewa katika jumba la Firauni. Alikula walichokula wafalme, wala hakuwa na haja ya kujua maji yatoka wapi na mkate umeokwa na nani. Kisha likamtokea lile la kumpiga ngumi yule Mkibti, naye akafa bila ya Musa kukusudia kumwua; na mtu mmoja akaja mbio kutoka mwisho wa mji kumwonya kuwa wakubwa wanashauriana kumwua yeye. Musa akatoka saa ile ile. Hakuwa na rafiki wa kufuatana naye. Mwenyezi Mungu atueleza ya kuwa alitoka akiwa na khofu, akiangalia huku na huku, akimwomba Mola wake amwokoe na watu madhalimu. Zingatieni basi: Kurani haikuificha khofu ya Mtume huyu mtukufu. Kijana ambaye moyo unampiga siku ya kuondoka kwao asidhani kuwa imani yake ni pungufu.

Akafika kwenye kisima cha Madyan, amechoka, ni mgeni, hana kitu. Akakuta umati wa watu wakinywesha wanyama wao, na pembeni wanawake wawili wakizuia kondoo wao wasiende majini. Akawauliza wana nini. Wakamwambia kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Hapa ndipo twataka msimame kidogo. Mtu huyu alikuwa yeye ndiye mwenye haja kuliko wote waliokuwapo pale kisimani, na kitendo chake cha kwanza katika mji wa watu kilikuwa ni kumsaidia mwenziwe. Hakuwaomba chakula. Hakuwaeleza kuwa yeye ametoka katika jumba la mfalme. Alipokwisha, akageuka akaenda kukaa kivulini, akamwomba Mola wake, akikiri kuwa yeye ni fakiri wa kheri yoyote atakayomteremshia; wala hakuitaja kheri yenyewe ni ipi.

Alipokuwa katika jumba la Firauni hakuwa na haja ya kusema maneno kama hayo. Kwani fakiri atoka wapi katika nyumba ya kifalme? Kila atakacho kipo, na kila kilichopo kina mtu wa kukileta. Ufakiri wake kwa Mola wake ulikuwapo siku zote, kama ulivyo ufakiri wetu sote, lakini ulifunikwa na mikono ya watumishi. Safari ndiyo iliyokifunua kifuniko hicho. Na jawabu ya dua ile haikuchelewa: akaja mmoja wa wale wanawake, akienda kwa haya, akamwita kwa baba yake. Musa akapata mlo, na amani, na mke, na kazi. (Wanavyuoni wa tafsiri wamehitalifiana kama mzee yule ni Nabii Shuaib au ni mtu mwengine mwema, nasi hatuna haja ya kuliingia hilo leo.)

Na kazi yenyewe ni ipi? Ni uchungaji wa kuajiriwa, miaka minane, au kumi akipenda kuitimiza. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa aliutimiza ule muda mrefu. Mtu aliyelelewa kutumikiwa akatumika miaka kumi nyuma ya kondoo. Nasi twajua kutoka kwa Mtume wetu (S.A.W.) ya kuwa hakuna Nabii ambaye hakuchunga, na kwamba yeye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka. Ni baada ya miaka hiyo, si kabla yake, ndipo Musa alipouona ule moto ubavuni mwa mlima wa Tur na akapewa utume. Lau angalitoka jumbani akaenda moja kwa moja kuwaongoza Bani Israili, kwa vile tujuavyo ukaidi wao, angaliwastahimili siku ngapi?

Safari ya pili ni ile ya Surat Al-Kahf, na sababu yake imeelezwa na Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Bukhari iliyopokewa kwa Ubayy bin Kaab. Musa alisimama kuwahutubia Bani Israili, akaulizwa ni nani mjuzi zaidi katika watu. Akasema: "Mimi." Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kutoirudisha elimu kwake, akamjulisha kuwa kuna mja wake mahali zinapokutana bahari mbili aliye na ujuzi asiokuwa nao Musa. Basi Musa hakusema, na aletwe huyo mtu hapa. Alichukua samaki kapuni, akafuatana na kijana wake Yusha bin Nun, akafunga safari kwa miguu. Wakapita mahali pao bila ya kujua, wakachoka, wakarudi wakifuata nyayo zao wenyewe mpaka mwambani. Pale akamkuta Khidhri, akamtolea salamu. Na Khidhri akamwuliza ni nani yeye.

Kisa kilichobaki mwakijua: ile jahazi, na yule kijana, na ule ukuta. Lakini swali lile la Khidhri aghlabu watu hulipita. Katika kaumu yake Musa hakuwa na haja ya kutaja jina lake. Mwambani palimlazimu ajitambulishe, kisha aombe kufuata, kisha apewe sharti la kutouliza, kisha ashindwe sharti hilo mara tatu. Huyu ni yule aliyesemezwa na Mola wake. Elimu aliyoifuata haikuwa mbali kwa masafa tu. Ilikuwa mbali na cheo chake, na njia ya kuifikia ilikuwa ni kukubali kuwa mtu asiyejulikana.

Ndugu zetu mtatuwia radhi tukieleza jambo dogo letu sisi wenyewe, kwa kuwa lahusiana na hili. Tulipokuwa na umri wa huyo kijana, tulikuwa ndio wa mbele katika chuo cha mtaani kwetu. Watoto walituletea mbao zao tuwasahihishie, na wazee walitusifu mbele ya baba yetu, Mungu amrehemu. Tukatoka kwenda Lamu kusoma, peke yetu, kwa basi mpaka Mokowe na kwa mashua mpaka mjini, tukiwa na mkeka, na sanduku la bati, na kiburi ambacho hatukujua kuwa tumekibeba. Siku ya kwanza ya darsa, sheikh wetu alitwambia tusome Ajurrumiyya, kitabu tulichokuwa tumekihifadhi. Tulikosea irabu mara mbili kabla ya kuvuka ukurasa wa kwanza. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililotuuma zaidi, maana kwao wale wanafunzi lilikuwa jambo la kawaida mgeni kutojua. Mtoto wa miaka 12 akatusahihisha kwa adabu. Usiku ule tulilia kwa siri, na asubuhi yake tukaanza kusoma. Hatusemi kwetu tusingalisoma. Twasema kwetu hakukuwa na mtu wa kutukosoa, kwa kuwa kila mtu alitupenda.

Watu wa lugha wameeleza kuwa neno hili "safari" katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya kufunua, na Imamu Ghazali, katika mlango wa adabu za safari wa kitabu chake Ihya, ametaja kuwa safari imeitwa hivyo kwa kuwa hufunua tabia za watu. Imepokewa pia kwa Sayyidna Umar (R.A.) kuwa alipoletewa mtu wa kumtolea mwengine ushahidi wa wema, alimwuliza kama ni jirani yake wa karibu, au amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu, au amesafiri naye. Alipokana yote, Umar alimwambia kuwa hamjui mtu huyo. Nasi twaongeza hapa kwa rai yetu: ukisafiri na mwenzako wamjua mwenzako, lakini ukisafiri peke yako wajijua wewe. Nyumbani yuko ndugu wa kumtupia lawama na yuko mama wa kukuamsha Alfajiri. Huko ugenini ukipitwa na sala, umeipitwa wewe.

Tuje sasa kwa Imamu wetu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani hii twafuata madhehebu yake, na wengi wetu twadhani madhehebu hayo yalizaliwa yametimia. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767 wa Miladi), yatima, na mamake akamchukua Makka angali mdogo. Mama huyo alikuwa mjane maskini mwenye mtoto mmoja mwenye akili ya ajabu. Ikiwa yuko mzazi mwenye udhuru wa kumshika mwanawe ubavuni, ni yeye. Alimwachia. Akaenda Madina kwa Imamu Malik, akiwa ameshaihifadhi Muwatta. Baadaye akaenda Yemen, kisha Baghdad, ambako alisoma kwa Muhammad bin Al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, yaani kwa watu wa rai waliokuwa wakishindana na mwalimu wake wa Madina. Mwisho akaenda Misri mwaka 199, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 204 (820 wa Miladi).

Na kila mwanafunzi wa fiqhi ajua kuwa Shafii ana kauli mbili: ya kale aliyoisema Iraq, na mpya aliyoisema Misri. Alikuwa mtu wa karibu miaka 50, imamu mwenye wanafunzi na vitabu, na alipofika Misri alirudi katika mambo mengi aliyokwisha kuyatolea hukumu akayabadili, baada ya kuzipata hoja ambazo hapo kabla hazikumdhihirikia. Basi kauli tunayoifuata leo katika sala zetu, katika mambo mengi, ni ya Shafii msafiri, baada ya kurudi nyuma ya kauli yake. Twalisema hili kwa ajili ya wale ndugu zetu ambao kila wakiambiwa jambo lenye dalili husema hatukuwakuta wazee wetu nalo. Mwenye madhehebu yenyewe hakuona haya kubadili. Atakayeona haya ni nani?

Kuna na yule mtu wa Tanja, Ibn Batuta, ambaye jina lake lajulikana hata na watoto wa skuli kwa kuwa alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Watu humtaja kwa wingi wa miji. Sisi twapenda kumtaja kwa siku moja. Alitoka kwao mwaka 1325, umri wake miaka 21, kwenda kuhiji, bila ya mwenzi wa kumliwaza wala msafara wa kujiunga nao mwanzo wa njia, na wazazi wake wote wawili wahai, akaeleza mwenyewe uchungu wa kuwaacha. Njiani akashikwa na homa kali hata akajifunga kwa kitambaa cha kilemba chake juu ya tandiko asianguke. Walipofika Tunis, watu wa mji wakatoka kuwalaki wageni wao, huyu akimkumbatia yule, na yeye hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Akalia mpaka hakuweza kujizuia. Mmoja wa mahujaji akaiona hali yake, akamwendea, akamtolea salamu na kuzungumza naye mpaka wakaingia mjini.

Haikupita miezi mingi, msafara wa mahujaji ukatoka Tunis, na watu wa msafara wakamfanya yeye kadhi wao. Yule aliyelia kwa kukosa wa kumsalimu akawa ndiye wa kuhukumu baina ya watu njiani. (Ama wingi wa ndoa zake na talaka zake katika kila bandari, hilo hatumsifu nalo wala hatumwigi.) Alipofika Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini aliandika kuwa watu wake ni watu wa dini na wema, na kwamba misikiti yao ya mbao ina visima mlangoni ili kila aingiaye aoshe miguu. Twaona kuwa aliyewahi kuwa mgeni ndiye aliyeliona jambo dogo kama hilo. Mwenyeji hulipita kila siku asilione.

Wala tusidhani haya ni ya Waarabu peke yao. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisafiri mpaka Makka na Hadhramaut, na Java, na Afrika ya Kusini, kisha akasomesha Unguja. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufiwa na baba yake angali mtoto, alivuka kwenda Unguja kusoma kwake na kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit. Alirudi na fikra zilizozaa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, nasi tuandikao karatasi hizi ndogo twala matunda ya mti ule.

Basi tuijibu sasa ile hadithi ya mzee wetu, kwani ni hadithi sahihi, na haifai kuipita kwa kuwa haiafiki tupendalo. Bukhari amepokea kwa Ibn Umar (R.A.) ya kuwa Mtume (S.A.W.) alisema lau watu wangelijua yaliyomo katika upweke kama ayajuavyo yeye, hakuna mpandaji ambaye angelisafiri usiku peke yake. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa mpandaji mmoja ni shetani, na wawili ni mashetani, na watatu ndio msafara. Maneno haya ni mazito. Lakini mtazameni Bukhari alivyofanya: katika mlango mmoja, mlango wa kwenda mtu peke yake, aliiweka hadithi hii pamoja na khabari ya Zubair bin Al-Awwam, ambaye siku ya Khandaq Mtume aliwataka watu waitikie, na Zubair akaitikia mara baada ya mara, akaenda peke yake kuleta khabari za adui. Wanavyuoni wakafahamu ya kuwa katazo ni kwa ajili ya khatari na upweke wa jangwani, ambako mtu akiumwa hana wa kumwuguza, na akifa hana wa kumzika wala wa kupeleka wasia wake. Na pakiwapo haja ya sharia na njia yenye amani, karaha huondoka. Jabir bin Abdillah (R.A.), sahaba mkubwa, alinunua ngamia akaenda safari ya mwezi mzima mpaka Sham kwa Abdallah bin Unais, kwa ajili ya hadithi moja tu aliyosikia kuwa anayo.

Mtu aliyepanda basi la watu 50, au treni ya Mombasa na Nairobi iliyoanza mwaka 2017, hayuko katika upweke wa jangwani. Lakini twasema wazi: mwenzi mwema akipatikana, ni sunna na ni bora. Mtume mwenyewe alihama na Abu Bakr, na Musa alikwenda na Yusha. Hatumhimizi mtu autafute upweke kwa ajili ya upweke, au kwa kujigamba kuwa amekwenda peke yake. Twasema kukosekana kwa mwenzi kusiifunge njia ya kheri miaka nenda miaka rudi.

Swali la mwanamke kusafiri bila ya maharimu lina hadithi zake na khitilafu za maimamu, na twaliwekea darsa yake peke yake. Tusilichanganye hapa kwa haraka.

Ama wazazi, haki yao ni kubwa. Yule aliyemjia Mtume akitaka ruhusa ya kwenda vitani aliulizwa kama wazazi wake wahai, akaambiwa jihadi yake i kwao. Kijana asitoke mlangoni huku mamake akilia nyuma yake, akajiita mtafuta elimu. Na akae naye, amweleze, arudi tena amweleze. Lakini na mzazi naye ajue kuwa mafakihi wa madhehebu yetu wameruhusu mtu kutoka kutafuta elimu ya lazima ambayo mjini kwao haipatikani, hata bila ya idhini, maadamu hawaachi wazazi katika hali ya kupotea. Basi uwezo wake wa kuzuia una mpaka. Na ule msemo wa mkataa kwao hauhusiani na aondokaye ili arudi na kitu. Wazee hao hao walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nao walikuwa mabaharia. Wangalikuwa wakikaa barazani wasingalijua hata hiyo ngama.

Iko khofu moja ambayo mzee wetu hakuitaja kwa sauti, nasi twaitaja. Vijana wetu kadhaa wa pwani waliondoka peke yao wakapotea. Wako waliovutwa na watu wenye kuipamba dini kwa ulimi, wakaenda kumwaga damu isiyokuwa halali yao, na mama zao mpaka leo hawajui makaburi yako wapi. Wako walioahidiwa kazi nzuri Ghuba na mawakala wasiowajua, wakafika wakanyang'anywa pasi zao. Khofu hii ni ya haki. Lakini tumeitazama sana, na twaona kuwa mlaghai hamnasi kijana kwa sababu ya njia tu. Humnasa yule asiyewahi kuachiwa kuamua jambo, aliyezoea kufuata sauti yoyote nzito. Kijana aliyezuiliwa nyumbani mpaka miaka 25 siku moja atatoka tu, na atatoka hajui kukataa. Basi na aambiwe mambo haya kwa majina yake kabla ya kuondoka: mtu atakayekwambia ufiche jambo kwa wazazi wako na kwa imamu wa msikiti, huyo mkimbie, pasi yako na kitambulisho chako usimpe mtu akuwekee, na darsa isiyofanywa ila kwa kufunga milango usiiketie.

Neno jengine ni juu ya simu. Zamani msafiri alipoondoka, barua ilichukua wiki, na katika wiki hiyo alilazimika kuzungumza na waliokuwa mbele yake. Leo kijana hushuka katika mji mgeni, akaketi kitandani, akafungua simu, akawa yuko kwao na marafiki zake wale wale, mzaha ule ule. Mwili umesafiri, moyo umebaki barazani. Hatusemi asiwapigie wazazi, hilo ni wajibu wake. Twasema awapigie baada ya Maghribi, ajue hali zao, kisha aiweke simu, ashuke msikitini asimame safu moja na watu asiowajua. Mgeni asiyekuwa na jamaa ana jamaa ya sala, na aliyeizoea atajulikana katika siku tatu. Akikosekana ya nne, wataulizana.

Kabla ya kuondoka na alipe madeni yake au awaombe wenye haki muda, aandike wasia wake hata kama hana mali, asali istikhara, na achukue fedha za kutosha nauli ya kurudi, azishone mahali asizigusie. Hili la mwisho halimo vitabuni, tumefunzwa na safari.

Darsa hii tulipoisoma msikitini usiku wa Alkhamisi iliyofuata, mzee wetu alikuwapo, na mwanawe ameketi nyuma yake. Hakutuuliza neno tena juu ya hadithi. Aliuliza tu kama twamjua imamu yeyote katika mji ule wa bara, nasi tukamwandikia barua ya kumpelekea imamu wa msikiti wa huko, ijapokuwa hatujapata kuonana naye. Tumesikia kuwa mamake kijana angali akilia, lakini tangu Jumamosi amekuwa akimwita jikoni amfunze kupika wali na mchuzi, maana kijana huyu, pamoja na elimu yake yote, hajapata kuwasha jiko. Ataondoka, Inshallah, baada ya sala ya Ijumaa.

Wallahu aalam.